Jina Chini ya Kioo

Baba mdogo alisema uongo ule huku anatafuna karanga.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la karakana, naosha sindano ya kalamu ya upepo kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Mteja alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni. Sikumwona uso, nilikuwa naona viatu vyake tu chini ya pazia, vyeusi, vinang'aa hadi mtu angeweza kuviinamia akachana nywele. Alikuwa Meja wa jeshi la anga, na alikuwa amekuja kutaka picha ya ndege.

"Nimeambiwa wewe ukichora mawingu, watu wanatafuta mwavuli," Meja alisema.

Baba mdogo akacheka. "Ndiyo maana wananiita Mawingu, afande. Kazi hii nimejifundisha mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono."

"Lakini nilisikia zamani mlikuwa wawili hapa. Wewe na kaka yako."

"Aah, marehemu kaka!" Karanga ikavunjika mdomoni mwake. "Mungu amrehemu. Yeye alikuwa akinioshea vifaa."

Sindano ikaniingia kidoleni. Nilikaa nikiangalia tone la damu likiingia kwenye thina na kuzunguka, nikajiambia: wewe mtu, hili utalilipa.

Baba yangu ndiye aliyekuwa Mawingu. Karakana ile aliijenga yeye, na kalamu ya upepo, ile bunduki ndogo ya rangi inayoshikwa kama kalamu, aliinunua yeye kabla sijazaliwa. Alichora ubavuni mwa malori, kwenye kuta za maduka na milango ya mabasi, na popote alipopata nafasi alitia wingu. Watu walisimama barabarani kuyatazama. Baba mdogo kazi yake ilikuwa kuleta wateja. Baba alikuwa akisema kwa utani, "Ndugu yangu kapewa mdomo, mimi nimepewa mkono. Tukigombana, wote tutakufa njaa."

Hawakugombana. Baba aliugua kifua, rangi ya miaka mingi ilikuwa imemjaa ndani, akafa. Kabla macho ya mama hayajakauka, baba mdogo alikuwa ameshajibu mteja wa kwanza aliyepiga simu akimtaka Mawingu. "Ndiye mimi," alisema. Mama alimsikia. Mimi nilimsikia. Akatuangalia, akageuka ukutani, akaendelea kuongea.

Ilibaki tatizo la mkono. Baba mdogo hawezi kuchora hata yai. Lakini alijua kwamba baba alikuwa akinikalisha pembeni yake tangu nikiwa mdogo, ananipa kalamu nichezee kwenye magazeti. Basi akanitoa shule nikiwa darasa la tano. "Kwa muda mfupi tu," alimwambia mama, "mpaka mambo yakae sawa." Muda ule mfupi bado haujaisha.

Akaning'iniza pazia. Mteja akija, mimi naingia nyuma. Akiondoka, natoka, nachora. Kazi ikiisha, baba mdogo anatoa kalamu ya wino mfukoni na kuandika kwenye kona: Mawingu. Hakuhitaji kunilazimisha kujificha. Mimi mtu akinitazama usoni, maneno yananikimbia kama kuku waliotupiwa jiwe. Aibu yangu ilikuwa mtaji wake.

Siku hiyo Meja alipoondoka nilikwenda chumbani kwetu, chumba kimoja nyuma ya karakana, nikamwambia mama alichosema baba mdogo.

Mama alikuwa anakunja nguo. Aliacha kidogo, akaendelea.

"Nyamaza, mwanangu. Tunakaa kwake."

"Hapa ni kwa baba."

"Karatasi za nyumba zina jina lake. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mimi nimechoka kuubusu, mama. Sasa nauangalia tu, nijue pa kukata."

Akanitupia shati la baba lililokuwa mkononi mwake. "Ondoka hapa. Umeanza kuongea kama mtu mzima."

Ili picha ifanane, Meja alitukaribisha kambini tuione ndege yenyewe. Baba mdogo alivaa koti. Mimi nilibeba mfuko. Getini askari akauliza, "Kuna nini ndani ya mfuko, dada?"

Mimi kwa hofu nikasema, "Bunduki."

Askari akarudi hatua nyuma. Baba mdogo akaingilia kati akicheka jasho linamtoka, "Bunduki ya rangi, mwanangu, ya rangi! Huyu ni mwoshaji wangu, hajui kuongea." Askari akaufungua mfuko, akaitazama ile kalamu ndogo kama kijiko, akamwita mwenzake aje wacheke wote.

Mwoshaji wangu. Sasa cheo cha baba kimeshuka kwangu.

Ndege ilikuwa ndani ya banda kubwa, milango imefunguliwa, jua linaingia mpaka nusu. Nilidhani ndege ya kivita ni ya kijivu. Sivyo. Juu ya mgongo ilikuwa na samawati kidogo, kwa sababu ilikuwa inaitazama anga mlangoni. Tumboni ilikuwa na hudhurungi, kwa sababu ilikuwa inautazama udongo. Baba alinifundisha hivyo: bati halina rangi yake, lina rangi ya kile kinacholikabili. Kila ribiti, ile misumari butu inayoshikilia bati, ilikuwa na kivuli chake, na nyuma ya ribiti nyingine kulikuwa na mstari mwembamba wa mafuta uliovutwa na upepo wa huko juu. Nyuma kabisa, pale moto unapotokea, chuma kilikuwa kimeungua kikawa na rangi ya zambarau na dhahabu, kama shingo ya njiwa.

"Ile ya rafiki yangu haipo tena," Meja alimwambia baba mdogo. "Ilianguka naye kwenye mazoezi. Hii ni ndugu yake, pacha kabisa. Nataka uichore iko juu, inapanda. Na chini ya kioo cha rubani, hapa, uache wazi."

Aligusa sehemu ndogo chini ya kioo, ambapo kwenye ndege ile palikuwa na jina la rubani mwingine kwa herufi ndogo nyeupe.

"Kwetu sisi jina la rubani huandikwa mwisho," alisema. "Ndege ikishakuwa tayari, wenzake wanakusanyika, fundi aliyeipaka rangi anaandika jina wote wanaona. Nataka na hii iwe hivyo. Siku ya kuifunua picha, mama yake atakuwepo, marubani wote watakuwepo, na wewe Mawingu utaandika jina kwa mkono wako mbele yetu."

Baba mdogo akafunga kifungo cha koti.

"Mbele yenu?"

"Mbele yetu. Tulimwita Kozi, kama yule ndege mwindaji. Herufi nne tu. Kwako wewe si kazi."

"Aah, si kazi," baba mdogo alisema. "Si kazi kabisa."

Tulipofika karakana akafunga mlango. "Utakata stensili," akasema. "Herufi nne kwenye karatasi ngumu. Mimi nitaibandika, nitapuliza, nitabandua. Hata mbuzi anaweza."

"Ndiyo, baba mdogo," nikasema. Moyoni nilikuwa nimeshapata pa kukata.

Nilianza kuchora. Ubao ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba, laini, umepakwa nyeupe na kusuguliwa hadi ukateleza. Nilichora umbo kwa penseli kutoka kwenye picha za Meja, nikaziba kwa karatasi na tepu kila mahali ambapo sikutaka rangi ifike, nikaanza na anga. Kompresa, mashine ya kusukuma upepo, inanguruma, kalamu inatoa mvuke mwembamba kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kazi hii haitaki haraka. Unapita mara nyingi, kila mara rangi hafifu kiasi kwamba unadhani hujafanya kitu, mpaka ghafla unaona umbo limekuja mbele lenyewe.

Mawingu niliyachora kwa karatasi niliyoichana kwa mkono, ukingo wake haukunyooka, naishika mbali kidogo na ubao na kupuliza juu yake. Hiyo ilikuwa siri ya baba. Wengine hukata kwa wembe, na mawingu yao huonekana kama vipande vya mkate.

Kila niliporudi kwenye bati la ndege hasira ilinirudia. Nikitia ribiti, nasema kimyakimya: alikuwa akinioshea vifaa. Ribiti nyingine: alikuwa akinioshea vifaa. Sijui niliyasema mara ngapi. Ndege ya kivita ina ribiti nyingi sana. Watu hudhani hasira hutetemesha mkono. Wangu ulikuwa umetulia kama uliowekwa kwenye saruji.

Baba mdogo alikuwa akiingia na kikombe cha chai, anasimama nyuma yangu.

"Inafanana," anasema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mkia huo mbona mchafu?"

"Ni moshi."

"Watu hawapendi uchafu kwenye picha."

"Ndege yenyewe ni chafu, baba mdogo."

Anakunywa chai yake. "Haya. Usisahau kuosha vifaa."

Mke wake, mama mdogo, alikuja mara moja kuleta funguo. Akasimama mlangoni, akashika kifua. "Yesu! Hii kitu itaruka itufuate sebuleni!" Kisha akamtazama mumewe, akanitazama mimi, mikono yangu imejaa kijivu hadi kwenye viwiko. Akaweka funguo mezani. Akaondoka. Hata yeye alikuwa anakula kutoka kwenye mikono hiyo.

Ndege ikaisha. Pale chini ya kioo paliachwa patupu, kipande kidogo cha bati kisicho na kitu. Ndani ya kioo sikumweka rubani, niliweka anga tu, imeakisiwa, inapita juu ya kioo kama maji. Nilipobandua tepu ya mwisho nilikaa chini sakafuni. Baba hakuwahi kuchora kitu kama kile. Nasema hivyo nikijua ninachosema. Na nilikuwa nakwenda kuiharibu.

Nieleze nilivyopanga. Stensili ni karatasi yenye matundu ya herufi. Ukiibandika na kupuliza rangi nzito kiasi, kidogo kidogo, herufi zinatoka safi. Lakini rangi ikiwa nyepesi, imezidishwa thina, inaingia chini ya karatasi na kukimbia. Ukibandua, huoni jina. Unaona buibui, miguu kila upande. Nilikata herufi zile nne kwa wembe, nzuri, hakuna mtu angezilaumu. Kisha nikachukua rangi nyeupe kwenye kichupa kidogo na kuijaza thina mpaka ikawa kama maji yaliyooshewa vyombo vya maziwa. Niliyaona yote kabla hayajatokea: baba mdogo na koti lake, marubani wamesimama wima, rangi inachuruzika kutoka chini ya karatasi, Meja anauliza "Mawingu, hii nini?" na yeye mdomo wake ule unafunguka na hakuna kinachotoka. Niliirudia picha hiyo kichwani kama mtu anayerudia wimbo. Ndege yangu ingepata doa shingoni, nikajiambia potelea mbali. Doa nitakuja kulifuta siku yoyote. Aibu yake haitafutika.

Siku yenyewe, ukumbi wa kambi ulikuwa umepangwa viti, ubao umesimamishwa mbele umefunikwa shuka. Nilikuwa pembeni karibu na kompresa, mahali pangu, kichwa chini. Meja alisema maneno machache. Kisha akaivuta shuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Marubani waliinuka tu, mmoja mmoja, wakasogea. Mmoja alinyoosha kidole kwenye ribiti akakirudisha, kama aliyekumbuka ni picha. Mwingine akasema polepole, "Moshi wa ekzosi. Ameuweka hadi moshi." Penye mkia walikaa muda mrefu zaidi.

Mama wa rubani alikuwa mwanamke mfupi, amevaa gauni jeusi na viatu vya raba. Meja alimshika mkono hadi mbele ya ubao. Akaitazama ndege, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Ndiyo alikuwa anakaa humo?" akauliza.

"Humo, mama. Chini ya kioo."

"Padogo." Akatikisa kichwa. "Na nyinyi mlimwita Kozi. Mwanangu yule? Nyumbani alikuwa akikimbizwa na jogoo."

Ukumbi mzima ukacheka, na mmoja wa marubani akageuka ukutani kufuta macho.

"Sasa," Meja alisema, "kama ilivyo desturi yetu. Fundi."

Baba mdogo akasogea. Nikawasha kompresa. Nikamimina rangi kutoka kwenye kile kichupa hadi kwenye kikombe kidogo kilicho juu ya kalamu. Akabandika stensili mwenyewe, mimi nikamnong'oneza, "Juu kidogo," akaisogeza. Nikampa kalamu. Nilihesabu pumzi zangu, nasubiri.

Akainua mkono. Nikaona jasho shingoni. Akaitazama kalamu, akawatazama watu, na hapo ndipo mdomo ule wa dhahabu ulipofanya kazi yake.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi ni nani wa kuandika jina hili? Mimi nimechora bati tu. Aliyemchora Kozi yuko hapa." Akageuka, akainama, akamnyooshea kalamu yule mama. "Mama, shika. Jina la mwanao liandike wewe."

Sasa makofi yakalipuka. Meja akamshika bega baba mdogo, uso wake umelainika kabisa. Hata mimi kwa sekunde moja nilimvulia kofia. Alikuwa amejinasua, na walikuwa wanampenda zaidi.

Mama wa rubani akaipokea kalamu kwa mikono miwili. "Nafanyaje?"

"Bonyeza tu, mama, halafu vuta nyuma. Hata mtoto anaweza."

Akaisogeza kwenye karatasi. Nilikitazama kidole chake, kimekunjamana, kucha imekatwa fupi, kinatafuta kitufe. Nikaona buibui wangu. Nikamwona amesimama mbele ya wale vijana wote, jina la mwanawe linamchuruzikia mikononi, naye anadhani kosa ni lake.

Ningeweza kunyamaza. Doa lingekuwa doa, na baba mdogo ndiye mwenye kazi, lawama ingemfikia kwa njia moja au nyingine. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kuliko kitu chochote.

"Mama, ngoja," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Hakusikia. Nikaruka waya wa kompresa, nikamshika kifundo cha mkono. Ukumbi wote ukanigeukia, na uso wangu ukawaka moto hadi masikioni.

"Rangi hiyo si nzuri," nikasema. "Itamwagika."

"We!" baba mdogo akasema. "Rudi nyuma. Samahanini, huyu ni mwoshaji wangu…"

Nikaichukua kalamu, nikapuliza kwenye gazeti nililotandaza chini ya ubao. Rangi ikakimbia pande zote, miguu myembamba myeupe, kama nilivyoipanga.

Meja akainama kuitazama. "Imekuwaje?"

Maneno yakataka kukimbia. Nikayashika. "Niliiharibu mimi, makusudi. Nilijua atakayeandika ni yeye. Nilitaka aaibike."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuambia baba yangu alikuwa akimwoshea vifaa. Huyu ni baba mdogo wangu. Mawingu ni baba yangu, na alikufa. Tangu afe, nachora mimi."

Mtu mmoja nyuma akasema "Heh!" Baba mdogo akaanza kucheka, kicheko cha kuomba msaada. "Meja, usimsikilize. Mtoto huyu hata shule hakumaliza."

"Ulinitoa wewe."

Mama wa rubani hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi, na hakukuwa na huruma usoni mwake. "Kwa hiyo wewe binti," akasema, "una ugomvi na baba yako mdogo, ukaona pa kuumwagia ni kwenye jina la mwanangu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ribiti zote zile, sikuwahi kulifikiria. Nilimjua Kozi kama herufi nne za kukata kwa wembe.

"Nisamehe, mama."

Akageukia ubao. "Haya. Tengeneza."

Nikamwaga kikombe, nikakiosha kwa thina, nikatia rangi ya kweli kutoka kwenye kopo lililokuwa mfukoni. Nikaijaribu kwenye gazeti mpaka ikatoka mstari safi. Kisha nikaweka kidole chake juu ya kitufe na changu juu ya chake. "Kwanza upepo, mama. Bonyeza. Sasa vuta kidogo, kidogo tu, na tutembee. Tusisimame." Tukapita herufi moja baada ya nyingine, tukarudi, tukapita tena. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wa baba mdogo. Nikabandua karatasi.

KOZI. Nyeupe, ndogo, imekaa juu ya bati kama iliyozaliwa hapo.

Marubani wakapiga saluti, wote kwa pamoja, viatu vikagonga sakafu. Mama akasimama akitazama herufi, akapuliza kwa mdomo ili zikauke, kama mtu anayepuliza kidonda cha mtoto.

Kisha makofi yakaanza, na katika kelele zake baba mdogo akanisogelea. Bado alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu. "Wewe na mama yako," akaninong'oneza, "tafuteni pa kulala leo." Kisha akapaza sauti, akageukia ukumbi. "Ndugu zangu, watoto wa siku hizi mnawajua. Anataka sifa. Mimi nimemfundisha kuchanganya rangi, basi leo anasema ndege ni yake! Ndege hii nimeichora mimi, kwa mkono huu."

Akauinua mkono wenyewe. Ulikuwa msafi. Wangu ulikuwa na kijivu kwenye kila mkunjo.

Mtu akishakunyang'anya pa kulala, hana tena cha kukutishia. Nilijisikia mwepesi ghafla. Hata aibu iliniacha, sijui ilikwenda wapi.

"Basi tia saini, baba mdogo," nikasema. "Bado hujatia saini."

Akapapasa mfukoni, akatoa kalamu yake ya wino. "Naam, saini…"

"Kwa hii." Nikamnyooshea kalamu ya upepo. "Kikombe kina rangi nzuri. Wote wameiona ikitoka."

Akamtazama Meja. Meja alikuwa ameshakunja mikono kifuani. "Tia, Mawingu," akasema taratibu. "Kona ile pale. Tunaona."

Hakukuwa na hila yoyote. Nataka hili lieleweke. Rangi ilikuwa ile ile, upepo ule ule, kalamu ya baba iliyooshwa vizuri. Baba mdogo akaishika kama anavyoshika kalamu ya wino, akaisogeza karibu mno, na ingawa maneno aliyajua, mkono ukafanya kosa la kila anayeanza: akavuta kabla hajabonyeza, rangi ikajikusanya mdomoni mwa kalamu, kisha akabonyeza kwa nguvu. Ikatoka yote mara moja. Akashtuka, akasimama pale pale badala ya kutembea. Doa likapanuka, likajaa, likaanza kushuka. Akajaribu kulivuta liwe herufi. Yakawa madoa mawili. Tone refu likateremka kutoka kwenye wingu langu hadi ukingoni mwa ubao, likadondoka kwenye kiatu chake.

Nyuma rubani mmoja kijana akacheka puani, akajizuia. Wengine hawakujizuia.

Baba mdogo aliweka kalamu kwenye kiti. Alifungua mdomo. Nilisubiri, nilitaka sana kusikia utasema nini safari hii. Ukafungwa tena. Akapita katikati ya viti, koti limemkaa vibaya mabegani, na hakuna aliyemsindikiza mlangoni.

Meja akaja kusimama karibu nami. Akalitazama doa, akanitazama.

"Binti, unaweza kulifuta hilo?"

"Naweza."

"Basi lifute."

"Hiyo ni saini yake, afande," nikasema. "Mimi sigusi saini ya mtu."

Nilizima kompresa, ikapumua, ikanyamaza. Nilijua nikifika nyumbani kazi ya kwanza ni kumwambia mama afunge magodoro, na kwamba atalia, na kwamba atanigombeza kwa haki. Nikaokota kalamu ya baba kutoka kwenye kiti, nikaifuta kwa kanga yangu, nikaitia kifuani badala ya kuitia kwenye mfuko wa karakana. Halafu sikuondoka mara moja. Nilisimama mbele ya kona ile, nikalitazama doa mpaka nikashiba.